Nyimbo za Huzuni za Kusikilizwa Wakati wa Vita

Vijana wa mashirika yetu hutuuliza swali ambalo halifai kujibiwa kwa haraka. Je, Mkristo aliyefiwa, aliyelikimbia shamba lake na kuacha mlango wazi, anaweza kusikiliza wimbo wa dunia unaolia pamoja naye? Au ni lazima aimbe aleluya hata pale koo linapokataa? Wengine kati ya wazee wetu hujibu kwamba nyimbo za gitaa ni za baa, na kwamba huzuni ikiimbwa huzidi. Sisi tuliosomea ualimu, na kufundisha katekisimu kwa miaka mingi huku Masisi na Walikale, tumefikia jibu tofauti. Tungependa kulieleza kwa utaratibu, pamoja na orodha fupi ya nyimbo zinazostahili kusikilizwa na aliyezizoea na anayeanza leo.

Kwanza tutazame hali yetu. Mwezi Machi 1993 yalitokea mauaji ya Ntoto, huko Walikale, na moto wake ukasambaa hadi milima ya Masisi. Waliozaliwa mwaka ule leo ni wazazi, na watoto wao nao wanajua kufunga mzigo usiku. Mwaka 2025 vita vilifika Masisi-kati mwezi Januari, na Walikale-kati mwezi Machi. Kijana anayelala chini ya shitingi, hata akiwa hana godoro, mara nyingi ana simu, na ndani ya simu mna nyimbo. Tumeomba kuzisikiliza. Nyingi ni za aina mbili. Za kwanza ni za kwaya, zenye furaha na makofi, nasi tunazipenda. Za pili ni zile zinazosifu bunduki au kutukana kabila la jirani. Kati ya aina hizi mbili pana shimo. Huzuni isiyopata wimbo wake hujitafutia mlango mwingine, na mlango ulio karibu ni ulevi au kisasi.

Ni katika shimo hilo tunapoweka muziki uitwao bluzi pamoja na ndugu zake wa kwetu. Bluzi ni muziki wa watu weusi wa kusini mwa Marekani, wana na wajukuu wa watumwa. Utumwa ulikomeshwa kule mwaka 1865, lakini umaskini, dharau na mauaji havikukoma. Katika umbo lake linalojulikana zaidi, mwimbaji huisema shida yake katika mstari mmoja, huurudia mstari huo, kisha mstari wa tatu hujibu. Mwalimu huelewa mara moja sababu ya kurudia: mara ya kwanza sikio hupokea sauti, mara ya pili moyo hupokea maana, na ndipo jibu hupata mahali pa kukaa. Wala asili yake haiko mbali nasi kama tunavyodhani. Katika mji wa New Orleans upo uwanja ambapo watumwa walikusanyika siku za Jumapili kupiga ngoma na kucheza. Uwanja huo huitwa Congo Square.

Katika shule ya ualimu tulifundishwa kwamba mtoto huongozwa kutoka anachokijua kuelekea asichokijua. Kwa hiyo orodha yetu inaanzia karibu na nyumbani.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mtafiti Mmarekani Alan Merriam alipita Kivu akirekodi muziki wa Bashi. Katika kitabu chake juu ya anthropolojia ya muziki, kilichotolewa mwaka 1964, anasimulia habari ya wasichana waliofanya kazi katika shamba la mzungu. Walipotakiwa waimbe mbele ya chombo cha kurekodi, bwana shamba akiwa hapo hapo akisikiliza, waliyatia ndani ya wimbo malalamiko ambayo hawakuthubutu kumwambia uso kwa uso: kwamba zamani walipewa mafuta, na sasa hawapewi tena. Hawakutukana wala hawakutupa jiwe. Waliimba, na ukweli ukafika palipotakiwa kufika. Tunauweka wimbo huu mbele ya vyote kwa sababu unatuonyesha kazi ya kwanza ya wimbo wa huzuni, yaani kumpa mnyonge njia ya kusema.

Wa pili ni wimbo uitwao "Masanga", wa Jean Bosco Mwenda. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akihifadhi sauti za watu, alimkuta kijana huyu mtaani Jadotville, mji unaoitwa leo Likasi, akapanga kumrekodi. Mwenda alikuwa peke yake na gitaa moja la kawaida, lakini ukifumba macho utaapa kwamba wapo wapigaji wawili. Kidole gumba kinatembea chini kama mtu apandaye mlima, na kidole cha shahada kinacheza juu kama maji. Anaimba Kiswahili cha Katanga, ambacho sikio la Kivu hulipokea bila mkalimani. "Masanga" si wimbo wa kilio, nasi hatutaki kumdanganya msomaji. Tunautaja kwa kuwa ndio daraja. Anayeupenda mkono wa Mwenda atawatambua bila shida wapiga gitaa wa Mississippi, waliokaa peke yao vivyo hivyo, gitaa moja likifanya kazi ya bendi nzima.

Wa tatu na wa nne ni za rumba yetu, ambayo UNESCO iliiandika mwezi Desemba 2021 katika orodha ya urithi wa wanadamu. Wengi huijua rumba kama muziki wa kucheza tu, na hilo ni kuijua nusu. Msikilizeni Tabu Ley Rochereau katika "Mokolo nakokufa", wimbo wa miaka ya 1960 wenye jina la Kilingala linalomaanisha siku nitakapokufa. Sauti nyororo inawaweka watu wa namna mbalimbali, maskini na tajiri, mbele ya siku ile moja isiyopokea rushwa. Kisha msikilizeni Franco katika "Kinsiona". Mwaka 1970 mdogo wake, Bavon Marie-Marie, mpiga gitaa kama yeye, alikufa katika ajali ya gari. Franco, aliyezoea kuimba Kilingala mbele ya umati, alimlilia ndugu yake kwa Kikongo, lugha ya nyumbani. Jambo hilo lina fundisho. Mtu anaweza kufanya biashara katika lugha ya mji na kusali katika lugha ya parokia, lakini mbele ya jeneza la mdogo wake hurudi katika lugha ya mama.

Sasa tuvuke bahari. Ni mwaka 1920 ambapo Mamie Smith alirekodi "Crazy Blues", na wenye viwanda vya santuri wakagundua kwamba watu weusi, hata walio maskini, walikuwa tayari kulipia sauti inayofanana na maisha yao. Baada yake alikuja Bessie Smith, ambaye hakuwa ndugu yake ijapokuwa jina ni moja. Anayeanza asikilize "St. Louis Blues" ya mwaka 1925, ambamo tarumbeta ya Louis Armstrong inamjibu Bessie kila anapopumua, kama waitikiaji wanavyomjibu mwenye kuanzisha wimbo kwenye matanga yetu. Kisha asikilize "Backwater Blues", iliyorekodiwa mwezi Februari 1927, sauti moja na piano moja tu. Ni wimbo wa mtu ambaye mafuriko yameichukua nyumba yake. Miezi michache baadaye mto Mississippi ulivunja kingo zake, mamia ya maelfu ya watu wakahama, na watu weusi wengi wakawekwa katika makambi juu ya matuta ya mto. Wimbo uliokuwa umetangulia ukawa wao.

Nasi tunajua maji yanaweza kufanya nini. Bado tunakumbuka Bushushu na Nyamukubi, katika Kalehe, mwezi Mei 2023. Lakini kuna zaidi ya maji. Tuliposikiliza wimbo huu pamoja na ndugu waliohama, hatukutafsiri kitu. Mama mmoja ambaye hajui neno la Kiingereza alisikiliza hadi mwisho, akasema: "Mwalimu, huyu naye alikimbia." Kisha akaomba tuurudie. Alipousikia mara ya pili alianza kutaja, kwa sauti ya chini, vitu alivyoviacha: sufuria mbili, mbegu za maharage, picha ya marehemu mumewe. Hadi siku ile hakuwa amevitaja mbele yetu. Hatusemi kwamba wimbo ulimponya. Tunasema tu kwamba ulimpa ruhusa.

Wa mwisho katika orodha hii ndio tunaoupenda kuliko yote, na hauna maneno hata moja. Blind Willie Johnson alikuwa kipofu tangu utoto wake, akiimba nyimbo za dini barabarani huko Texas. Mwezi Desemba 1927, mjini Dallas, alirekodi "Dark Was the Night, Cold Was the Ground". Jina hilo limetoka katika utenzi wa kale wa Kiingereza juu ya usiku wa Bwana wetu katika bustani ya Gethsemani: usiku wa giza, ardhi ya baridi. Johnson hakuyaimba maneno ya utenzi. Aliteleza kitu kigumu juu ya nyuzi za gitaa hadi gitaa likalia kama mtu, naye akaguna na kuvuma pamoja nalo kwa dakika tatu hivi. Sisi ambao tumelala msituni, juu ya ardhi baridi, watoto wakizibwa midomo wasisikike, hatuhitaji mtu wa kutueleza wimbo huo. Mtakatifu Paulo anatufundisha kwamba Roho hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Tumelifundisha fungu hilo kwa maelezo mengi, na hatujapata maelezo yanayoupita uvumi wa kipofu huyu.

Kuna habari moja juu ya rekodi hiyo ambayo kila kijana wa Walikale anastahili kuijua. Mwaka 1977 Wamarekani walirusha angani vyombo viwili viitwavyo Voyager, na katika kila kimoja waliweka santuri ya dhahabu yenye sauti za dunia, ili kama kuna wenye masikio huko mbali wajue sisi tulikuwa nani. Wimbo wa Blind Willie Johnson umo. Na katika santuri hiyo hiyo umo wimbo wa wasichana wa Mbuti, wa sherehe yao ya kuingia utu uzima, uliorekodiwa na Colin Turnbull katika msitu wa Ituri, kaskazini mwa misitu yetu. Huzuni ya Mwamerika mweusi na furaha ya mabinti wa msitu wa Kongo zinasafiri pamoja, nje ya mfumo wa jua letu. Wale ambao hapa kwetu baadhi ya watu huwadharau na kuwaita watu wa porini, sauti yao ilichaguliwa kuwasemea wanadamu wote. Tunapowaeleza hayo watoto wa shule, hunyamaza kwanza, kisha huomba kuusikia.

Turudi sasa kwa wazee wetu na wasiwasi wao. Mzee mmoja tunayemheshimu sana alituuliza: "Mbona mnaleta baa kanisani?" Wasiwasi wake si mpya. Makanisa ya watu weusi wa Marekani nayo yaliwahi kuiita bluzi muziki wa shetani. Hapa Kongo, Wendo Kolosoy alipotoa "Marie-Louise" mwaka 1948, watu walidai kwamba wimbo huo ukipigwa usiku wa manane huwaamsha wafu, na baadhi ya wakubwa wa dini wa wakati ule hawakufurahi. Sisi tunakubali kwamba si kila wimbo wa bluzi unafaa. Zipo za ulevi, zipo za uzinzi, zipo za mtu anayetishia kuua. Hizo tunaziacha, kama tunavyoacha nyingi za rumba. Lakini tumweleze mzee wetu habari ya Thomas Dorsey. Alipiga piano nyuma ya Ma Rainey, mama wa bluzi, na alitunga nyimbo nyingi za dunia. Mwaka 1932, akiwa safarini, mkewe alifariki katika uzazi, na mtoto naye akafa muda mfupi baadaye. Kutoka katika kaburi hilo la watu wawili alitunga "Take My Hand, Precious Lord", ombi la mtu aliyechoka anayetaka kushikwa mkono na Bwana. Mahalia Jackson aliuimba kwenye mazishi ya Martin Luther King mwaka 1968. Mkono ulioandika sala hiyo ulijifunza kulia katika bluzi.

Wala Biblia yenyewe haitukatazi. Zaburi nyingi ni malalamiko. Zaburi ya 137 ni ya watu walioondolewa kwao kwa nguvu, wamekaa kando ya mito ya wageni na kutundika vinubi vyao. Nyingi za zaburi hizo hugeuka mwishoni na kusifu, lakini ya 88 haigeuki. Inaishia gizani, na Kanisa halikuiondoa wala kuitengenezea mwisho mzuri. Tunaisali kama ilivyo. Na Bwana wetu, kabla ya kwenda mlima wa Mizeituni, aliimba pamoja na wanafunzi wake. Matayo na Marko wameliandika jambo hilo. Ikiwa Yeye aliimba usiku ule, kwa nini sisi tuuvuke usiku wetu bila wimbo?

Kwa anayeanza, tunatoa mashauri machache ya kimwalimu. Rekodi hizi ni kuukuu na zina mikwaruzo. Zisikilizeni kama mnavyomsikiliza babu anayekohoa kati ya maneno, bila kumkatiza. Chukueni wimbo mmoja kwa siku, wala si kumi. Mara ya kwanza sikilizeni bila maelezo. Mara ya pili mmoja aeleze habari ya mwimbaji na maana ya wimbo. Mara ya tatu sikilizeni kimya, kisha someni zaburi moja. Anayetaka kusema aseme, na asiyetaka asilazimishwe. Kama katika kikundi wamo watu wa makabila yaliyopigana, ni vema kuanza na sauti ya mbali, kama ile ya Johnson, ambayo hakuna anayeweza kuidai kuwa ya upande wake. Tumewaona waliokaa mbali wakisogeza viti.

Kwa waliozoea, tuna ombi gumu zaidi. Mwaka 1956, miongoni mwa Banyanga wa Walikale, mzee Candi Rureke alimsimulia na kumwimbia Mbelgiji Daniel Biebuyck utenzi wa Mwindo, shujaa aliyekataliwa na baba yake mzazi. Biebuyck, pamoja na Kahombo Mateene, mwana wa Banyanga wenyewe, waliuchapisha mwaka 1969, na leo unasomwa katika vyuo vikuu vya nchi za mbali. Kama wasingekaa na kusikiliza, leo tungebaki na vipande tu. Sasa jiulizeni: nyimbo za matanga za bibi zetu, kwa Kihunde, Kinyanga, Kitembo, Kikumu na Kinyarwanda, nani anazirekodi? Wanaozijua wanakufa njiani na makambini, mbali na vijiji ambako nyimbo hizo zilikuwa na mahali pake. Bessie Smith alikuwa na kiwanda cha santuri, na wasichana wa Bashi walimpata mgeni mwenye chombo. Sisi tuna simu mifukoni, zile zile zinazobeba nyimbo za matusi.

Kwa hiyo tunapendekeza kwamba kila shirika lichague mama au baba mmoja mwenye nyimbo za kilio, limwombe ruhusa kwa heshima, na kumrekodi mahali penye utulivu. Kijana anayejua kuandika aandike maneno yote katika daftari, kwa lugha ile ile yalivyoimbwa, pamoja na jina la kijiji ambako wimbo ulijifunzwa. Nakala zihifadhiwe mahali pawili tofauti, maana simu huporwa na nyumba huchomwa. Kazi hii haihitaji fedha nyingi wala kibali cha mtu wa mbali. Inahitaji jioni moja, betri yenye moto, na mtu aliye tayari kumsikiliza mwenzake hadi mwisho wa wimbo.